Masika, Mdudu na Msamiati: Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili Shambani

Utangulizi

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Kwa mkulima wa magharibi mwa Kenya, mawingu ya mwezi wa Machi huja na bishara mbili kwa mpigo. Bishara ya kwanza ni ya furaha: ardhi itapata maji, mbegu zitachipua, na mahindi na maharagwe yatapamba mashamba yaliyokuwa yamepauka kwa jua la Januari na Februari. Bishara ya pili ni ya hofu. Maji hayo hayo yakizidi hutuama mashambani na kuiozesha mizizi, na majani machanga yanayochipua huwa karamu ya wadudu wa kila sampuli. Masika humpa mkulima kwa mkono mmoja na kutishia kumpokonya kwa mkono wa pili.

Huenda msomaji akajiuliza: haya ya matope na viwavi yana uhusiano gani na jarida la chama cha wanafunzi wa Kiswahili? Si afadhali tuwaachie wenzetu wa kitivo cha kilimo, nasi tuendelee na fonolojia yetu, ushairi wetu na riwaya zetu? Nami nilifikiri hivyo, mpaka likizo moja ya mwezi wa Aprili iliponisuta.

Nilikuwa nyumbani, katika Kaunti ya Vihiga. Shangazi alikuja na chupa ya dawa ya wadudu aliyoinunua sokoni. Viwavi walikuwa wamevamia mahindi yake, na kando ya mahindi alikuwa na kitalu cha sukuma wiki alichotaka kukinyunyizia pia. Akaniambia, "Mwanangu, si wewe ndiwe unayesomea Kiswahili chuo kikuu? Hebu nisomee hapa, nijue nitangoja siku ngapi kabla ya kuchuma mboga." Niliitazama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Maneno ya Kiswahili yalikuwepo, lakini yalikuwa machache: weka mbali na watoto, soma maagizo kabla ya kutumia. Maagizo yenyewe tuliyoambiwa tuyasome yalikuwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mithili ya chembe za ulezi. Niliyaelewa. Nilipofungua kinywa kuyaeleza kwa Kiswahili, nilibabaika. Sikuwa na jina la muda unaopaswa kupita baina ya kunyunyizia na kuvuna. Sikuwa na neno la uwezo wa dawa kushikamana na jani mvua inaponyesha. Nilizunguka mbuyu kwa sentensi ndefu, na shangazi akacheka, akasema, "Kumbe huko mnasoma Kiswahili cha vitabu tu."

Kauli hiyo haijaniondoka akilini. Dai langu katika makala haya ni moja. Maarifa ya kukinga mimea dhidi ya wadudu na maji yanayotuama wakati wa masika yapo, na mengine yamezaliwa papa hapa Kenya. Hata hivyo, maarifa yasiyokuwa na jina linaloeleweka, au yaliyopewa jina linalopotosha, hayamfai mkulima. Kazi ya kutafuta, kusahihisha na kusambaza majina hayo ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, kwa ushirikiano na wataalamu wa kilimo. Nitalithibitisha dai hili kwa mifano mitatu: maji, kiwavi na dawa.

Maji yanayotuama

Mfano wa kwanza ni maji. Katikati ya masika, mahindi ya bondeni aghalabu hugeuka rangi. Majani ya chini huwa manjano, mimea hudumaa, na mwenye shamba hukata kauli mara moja kwamba yamekosa mbolea. Huenda dukani, akatumia akiba yake kununua mfuko, akaitia mbolea katika udongo uliolowa chepechepe. Juma moja baadaye mahindi ni yale yale ya manjano, na mfuko ni mtupu. Amefanya kosa gani? Ameitibu dalili bila kuujua ugonjwa.

Udongo wenye afya una vinyweleo ambamo maji na hewa hupokezana nafasi. Mvua inaponyesha mfululizo, hasa katika udongo mweusi wa mfinyanzi kama ule wa nyanda za Kano, maji hujaza vinyweleo vyote na kuifukuza hewa. Mizizi nayo huhitaji oksijeni kama sisi tunavyoihitaji. Ikiikosa hushindwa kufyonza chakula hata kama chakula kimeizunguka. Isitoshe, viumbe wadogo wa udongoni wakikosa hewa huivunja naitreti na kuigeuza gesi inayopotea angani, huku sehemu nyingine ya naitreti ikichukuliwa na maji hadi kina ambacho mizizi haifiki. Kwa hiyo mmea una njaa kweli, lakini njaa hiyo imeletwa na maji. Kuongeza mbolea kabla ya kuyaondoa maji ni sawa na kumlisha mtu anayezama. Tena mahindi machanga, ambayo ncha yake ya kukua bado iko chini ya udongo, yakifunikwa na maji kwa siku mbili hadi nne yanaweza kufa kabisa.

Maharagwe huathirika vibaya zaidi. Unyevu uliokithiri huwapa nguvu kuvu wa udongoni wanaoozesha mizizi. Wakulima wa Vihiga na Kakamega wanayakumbuka masaibu ya miaka ya 1990, wakati ugonjwa huo ulipokithiri hata baadhi yao wakakata tamaa ya kupanda maharagwe. Watafiti wa kituo cha Kakamega cha taasisi ya utafiti wa kilimo, iliyoitwa KARI wakati huo na ambayo tangu mwaka wa 2013 ni sehemu ya KALRO, walisaidia kwa kutoa aina zinazoustahimili ugonjwa, zikiwemo KK 8 na KK 15. Hata hivyo, mbegu bora peke yake haitoshi iwapo shamba limegeuka bwawa.

Kinga yenyewe haihitaji mitambo. Mkulima achimbe mitaro kabla ya mvua kuanza, si baada ya shamba kufurika. Apande juu ya matuta ili shingo ya mmea ikae juu ya maji. Asikanyage wala kulima udongo uliolowa, kwa maana kufanya hivyo huushindilia na kuviziba vinyweleo vyake. Mbolea ya kukuzia aigawanye mara mbili badala ya kuimwaga yote kwa siku moja, na asiitie wakati mawingu mazito yametanda. Pale bondeni pasipokauka asishindane na maumbile. Apande nduma, ambazo hupenda maji, na mahindi ayapeleke mwinuko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtaro usiochimbwa Februari hulipiwa kwa gunia lisilojaa Agosti.

Hapa Kiswahili kina la kujivunia. Katika vitabu vya hifadhi ya udongo vilivyoandikwa kwa Kiingereza kuna istilahi mbili zilizochukuliwa kutoka kwetu bila kutafsiriwa: fanya juu na fanya chini. Katika fanya juu, mkulima huchimba mtaro unaoufuata mkingamo wa mteremko na kuurusha udongo upande wa juu, ukawa ukuta. Miaka inavyopita, shamba hujigeuza matuta bapa kama ngazi. Katika fanya chini, udongo hurushwa upande wa chini. Mbinu ya fanya juu ilienea sana Ukambani, ambako vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya viliichimba milima kwa majembe, na istilahi hiyo ikasafiri hata Ethiopia. Ni ushahidi kwamba lugha yetu inaweza kuitaja sayansi kwa vitenzi vyepesi ambavyo kila mchimbaji anavielewa.

Hata hivyo, jina kusafiri si sawa na maarifa kusafiri. Fanya juu ya Ukambani ilikusudiwa kuyazuia maji katika nchi kame. Anayeinakili vile vile katika eneo lenye mvua nyingi na udongo usiopitisha maji haraka huyafungia maji ndani ya shamba lake, au huyakusanya mpaka yakaubomoa ukuta na kuchimba makorongo. Mahali kama hapo mtaro unahitaji mwinamo mdogo na mkondo wenye nyasi wa kuyapeleka maji mahali salama. Je, tuna jina moja linaloitofautisha mitaro hiyo miwili, ule wa kuzuia na ule wa kutoa? Afisa wa kilimo anaijua tofauti. Mkulima akiambiwa tu "chimba mtaro", atachimba upi?

Jina moja, maadui wawili

Mfano wa pili ni kiwavi. Kabla ya mwaka wa 2017, mkulima wa Kenya aliposikia neno viwavijeshi alijua linamaanisha nini. Ni viwavi weusi wanaozuka kwa ghafla mvua inapoanza, baada ya nondo kuletwa na upepo na kushushwa na dhoruba za mvua. Huandamana ardhini kwa maelfu kama askari, hula nyasi na nafaka peupe, kisha hutoweka. Adui huyo huonekana. Dalili yake ni jeshi lenyewe.

Mwaka wa 2016, jamaa yake kutoka bara la Amerika aligunduliwa Afrika Magharibi, na mwaka wa 2017 akathibitishwa nchini Kenya. Naye pia alipewa jina la kiwavijeshi. Kwa mwanasayansi hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa ana majina ya Kilatini ya kuwatofautisha. Kwa mkulima lilikuwa tatizo kubwa, kwa sababu tabia za wawili hawa ni mbalimbali. Huyu mgeni aghalabu haandamani. Nondo wake hutaga mayai kwa mafungu ya mia moja au mia mbili, akayafunika kwa manyoya membamba. Viwavi wakianguliwa huparua jani na kuacha madirisha meupe yanayopitisha mwanga, kisha hujipenyeza katika moyo wa mmea, pale majani machanga yanapojikunja. Humo hujificha nyuma ya kinyesi chao kinachofanana na unga wa msumeno, wakala usiku na alfajiri. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyeambiwa ajihadhari na jeshi alisimama ukingoni mwa shamba akitazama njia, ilhali adui alikuwa amekwisha kuingia nyumbani na kufunga mlango.

Nchini Tanzania wataalamu walikuja kumwita kiwavijeshi vamizi, na jina hilo ni afadhali kwa kuwa linamtenga na mwenzake. Hata hivyo, hata kivumishi "vamizi" hakimwambii mkulima amtafute wapi. Laiti jina lingetaja makazi yake, yaani moyo wa mhindi, lingekuwa jina na maagizo kwa pamoja. Sisemi kwamba nimelipata jina hilo. Ninachosema ni kwamba adui wa chakula chetu alipoingia nchini, suala la jina lake halikupaswa kuachiwa watangazaji peke yao, kila mmoja akitafsiri alivyoweza kabla ya taarifa ya saa moja.

Kwa mintarafu ya kinga, mambo muhimu ni mepesi pindi yakielezwa. Mkulima apande mapema mvua inapotulia, pamoja na majirani zake, ili nondo wasihamie kutoka mahindi makuu hadi machanga. Mara mbili kwa juma atembee shambani akifuata njia yenye umbo la herufi W, akikagua mimea kadhaa kila kituo. Akiona fungu la mayai, alipondeponde kwa vidole. Akiyaona madirisha meupe, ajue huo ndio wakati wa kuchukua hatua, kwa kuwa kiwavi mdogo hufa kwa urahisi na mkubwa ni mgumu. Wapo wakulima wanaotia majivu au mchanga katika moyo wa mmea, na mvua kubwa yenyewe huwasomba na kuwazamisha viwavi wachanga. Naam, masika humlea mdudu na pia humwadhibu.

Ipo pia mbinu iliyobuniwa kandokando ya Ziwa Viktoria. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, kilishirikiana na KARI na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza katika miaka ya 1990 kutafuta namna ya kuwapunguza funza wa mabua pasipo sumu. Kwenye kituo chake cha Mbita waliistawisha mbinu inayojulikana kwa Kiswahili kama vuta-sukuma. Baina ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo. Kuzunguka shamba hupandwa nyasi za nepia au brakiaria zinazowavuta. Nondo husukumwa kutoka ndani na kuvutwa nje. Desmodiamu huuzuia pia ule mmea dhalimu ambao Waluo huuita kayongo, huongeza nitrojeni udongoni, huufunika udongo usisombwe na mvua, na ni lishe ya ng'ombe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba idadi ya viwavijeshi vamizi kwa kila mmea katika mashamba ya namna hii ilikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na mahindi yaliyopandwa peke yake.

Tazama nguvu ya jina. Vuta-sukuma ni vitenzi viwili ambavyo mtoto wa darasa la kwanza anavielewa, na ndani yake mna nadharia nzima. Anayelisikia jina ameisikia sayansi yenyewe. Hivyo ndivyo istilahi inavyopaswa kufanya kazi.

Dawa au sumu?

Mfano wa tatu ndio unaoniumiza zaidi, nao ni neno dawa. Dawa, katika fikra za kila mmoja wetu, ni kitu kinachoponya. Mtoto akiugua hupewa dawa. Mahindi yakiugua hutiwa dawa. Iweje basi tushangae mkulima anapoongeza kipimo ili mahindi yapone upesi, anapoikoroga kwa mkono mtupu, anapoihifadhi chini ya kitanda, au anapoitumia chupa iliyokwisha kuhifadhia mafuta ya taa? Tumempa sumu na kuiita tiba. Neno lenyewe limemwondolea hofu ambayo angepaswa kuwa nayo.

Wasomi wanalo neno kiuatilifu, na ni neno zuri. Vitabuni linatumika, na nchini Tanzania limeenea zaidi. Nililijaribu kwa shangazi. Aliniuliza, "Hicho ni kitu gani?" Nilipomwambia ni sumu ya kuua wadudu, aliiweka chupa chini polepole, akaenda kunawa mikono. Neno sumu lilifanya kwa nukta moja kazi ambayo onyo lililochapishwa halikuifanya. Simaanishi kwamba tulitupe neno kiuatilifu. Namaanisha kwamba istilahi haipimwi kwa uzuri wa uundaji wake tu, bali pia kwa kile ambacho anayeisikia anakifanya baadaye.

Katika masika, suala hili huwa zito maradufu. Sumu iliyonyunyiziwa muda mfupi kabla ya mvua huoshwa na kuingia mitoni, mahali tunapoteka maji. Mkulima akiona wadudu wangali hai hunyunyizia tena, na tena, mpaka fedha zimwishe na mdudu ajifunze kuistahimili. Angekuwa na lugha ya kuusoma mstari mmoja tu, ule unaoeleza ni saa ngapi za ukavu zinazohitajika, angengoja mvua ya alasiri ipite, majani yakauke, kisha anyunyizie jioni, wakati nyuki wamerudi mizingani na viwavi wanakaribia kutoka kula. Ukanda wa rangi ulio kwenye chupa nao una maana: mwekundu huonya juu ya sumu kali zaidi, ukifuatwa na wa manjano, wa samawati, kisha wa kijani. Ni wangapi wamefafanuliwa rangi hizo kwa lugha wanayoiota?

Asidhani msomaji kwamba ninatia chumvi. Mwaka wa 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu wenye sumu. Watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Tanzania leo wanaiita sumukuvu, neno fupi lenye onyo ndani yake. Sisi tungali tunalitamka jina la Kiingereza, kila mmoja kwa namna yake, huku mama jikoni akidhani ni jina la ugonjwa wa hospitalini. Maonyo dhidi ya unyevu hayana budi kuwafikia watu yakiwa na jina linalojieleza.

Kuwajibu wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sayansi, na kwamba kusumbuka kutafuta istilahi ni kupoteza wakati. Hao ningewaomba wakumbuke fanya juu na vuta-sukuma. Ningewakumbusha pia kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Uwezo wa lugha ulikwisha kuthibitishwa. Kilichobaki ni nia. Tena suala hili ni la haki. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa aliyoinunua. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi ni habari gani?

Wengine watasema, kwa hoja nzito zaidi, kwamba mkulima wa Vihiga hasemi Kiswahili akiwa shambani. Husema lugha ya mama yake. Ni kweli, nami siwapingi. Hata hivyo, chupa inayouzwa Vihiga ndiyo inayouzwa Kwale, Meru na Kuria. Haiwezi kubeba lugha zote za nchi, bali inaweza kubeba moja inayovuka mipaka hiyo. Zaidi ya hayo, Kiswahili hakipaswi kuja shambani kama bwana. Kije kama mwanafunzi. Lugha zetu za kienyeji zimejaa majina ya udongo, ya wadudu na ya aina za mvua, na mengine yana usahihi ambao vitabu havina. Tuyakusanye, tuyapime, na yale yanayofaa tuyakaribishe katika Kiswahili, jinsi tulivyoyakaribisha maneno ya Kiarabu na ya Kiingereza bila kulalamika.

Wa tatu watasema hii si kazi ya mwanafunzi wa fasihi na isimu. Nawauliza: tunapojifunza mbinu za kuunda istilahi, uambatishaji, utohozi na tafsiri, tunajifunza ili tuzitumie wapi? Karatasini pa mtihani tu?

Mapendekezo na hitimisho

Napendekeza mambo manne. Mosi, jarida hili litenge ukurasa katika kila toleo kwa ajili ya istilahi za uwanja mmoja wa maisha, tukianzia kilimo cha masika, na kila istilahi ifuatwe na maelezo ya matumizi. Pili, chama chetu kiandae kikao na wanafunzi wa kilimo kila mwezi wa Februari, kabla ya mvua, ili watupe maarifa nasi tuwape lugha. Tatu, kila mmoja wetu anapokwenda likizo aende na daftari, ayanakili maneno ya wakulima wa kwao kuhusu maji, udongo na wadudu, kisha ayalete yachambuliwe. Kazi hiyo inaweza kuzaa tasnifu nyingi zenye manufaa kuliko zile zinazorudia yaliyokwisha kusemwa. Nne, tuwaandikie watengenezaji na wadhibiti wa viuatilifu, kwa adabu na kwa uthabiti, tukidai kwamba kipimo, siku za kungoja kabla ya kuvuna, na maelezo kuhusu mvua yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Tujitolee kuyatafsiri sisi wenyewe.

Hakuna kati ya haya linalohitaji fedha nyingi. Yote yanahitaji unyenyekevu wa kukubali kwamba ufasaha wetu bado una mapengo. Masika ya mwaka wa 2024 yaliifurisha nchi yetu na kuua zaidi ya watu 200, baada ya mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka wa 2023. Miaka kama hiyo hutuonyesha kwamba mvua hazingoji tujiandae. Wadudu nao hawangoji.

Shangazi bado analima. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi: "Ukinyunyizia leo, usichume mboga mpaka siku hizi zipite," nikaitaja idadi iliyoandikwa kwenye chupa, nikakibandika mlangoni pa ghala lake. Ni sentensi isiyo na istilahi hata moja, na pengine ndiyo kazi muhimu zaidi niliyoifanya kwa Kiswahili tangu nijiunge na chuo. Mchagua jembe si mkulima. Na anayesubiri mpaka lugha ikamilike ndipo aitumie, huyo naye si msomi. Mvua zijazo zitukute tumekwisha kuanza.